Mshororo Uliopungua Mizani

Mshororo wa mwisho ulipungua silabi moja, na hilo tu ndilo lililomkera mwalimu wa fasihi. Mtu mwingine angejiuliza kwanza nani kachonga shairi kwenye ukuta wa chumba cha uani, katika nyumba waliyohamia juzi. Yeye aligonga meza kwa vidole, pigo moja kwa kila silabi.

"Nifungulie nitoke, humu ndani nachoka."

"Nane, halafu saba," alimwambia mkewe. "Vina safi, kibwagizo kinarudi kila ubeti, lakini kinachechemea. Guni kabisa!"

"Ukuta wa watu huo, mume wangu. Uache."

Aache? Huyu aliyekuwa akisahihisha hata nyimbo za redioni? Alichukua msumari, akakwangua kila "nachoka", akachonga "nimechoka", akausoma mshororo kwa sauti. Mkewe alikuwa ameshafika jikoni aliposikia mlango ukijibamiza.

Alirudi akicheka. Kicheko kilimkauka alipousukuma mlango usio na kufuli wala komeo, nao usitikisike. Harufu ya udongo uliofukuliwa ilipenya chini yake.

"Mke wangu," mwalimu alinong'ona kutoka ndani, "humu kuna mtu. Nikigonga, naye anagonga."

Mama mwenye nyumba alikuja mbio, kiatu mguu mmoja. Alipoelezwa, alikaa chini palepale.

"Marehemu baba alifungia kitu humo. Mshororo aliupunguza makusudi, ili ombi la hicho kitu lisitimie."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Sauti iliyounyoosha ndiyo iuvunje. Mwambie ausome ulivyokuwa, atatoka."

Mwalimu akajaribu, na mkewe, sikio mlangoni, akamsikia akianza vizuri, nifungulie nitoke, humu ndani, halafu ulimi uliozoea miaka yote kunyoosha tungo za wanafunzi ukaitia ile silabi bila kumuuliza, akaanza tena, akaitia tena, huku sauti ya pili ikimfuatia nyuma neno kwa neno, kila mara ikizidi kufanana na yake, na vidole vikigonga ukutani nane kwa nane, hadi akaanza kulia waziwazi, na mkewe naye akalia, akipiga mlango kwa viganja na kumsihi akosee, akosee mara moja tu maishani mwake.

Vidole vikaacha kugonga. Kisha ikaja sauti ya mumewe, tulivu:

"Nifungulie nitoke, humu ndani nachoka."

Mlango ukafunguka. Mke akamrukia, akampapasa uso, akamshukuru Mungu.

"Umeweza!"

"Mbona rahisi," alisema akitabasamu. "Nimeshauzoea. Tena ni mtamu hivyo hivyo ulivyo."

Mke akamwachia. Mumewe hakuwahi kusifu guni hata siku moja.

Nyuma yao, ndani kabisa ya ukuta, vidole vilianza kugonga: mara nane, kisha mara saba, kisha, kwa hasira, pigo moja la kujazia.