Kibao cha Darajani Ruvu

— Nyekundu, Hemedi! Nilikuomba khanga ya kijani, umeniletea nyekundu. Tena ya sanduku la harusi!

— Nitairudisha dukani.

— Hujanijibu. Ulimnunulia nani? Saburi muuza vitumbua ndiye anayependa nyekundu, mji mzima unajua. Na kila Ijumaa ukitoka msikitini unaonekana darajani, mbele ya kikaango chake.

Hemedi aliikunja tena ile khanga. Alikuwa dereva wa lori la Mzee Mwinyimadi, baba yake Biubwa, mchumba huyu aliyekuwa akimfokea, na mwaka ule wa 1953 dereva alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Ndiyo maana mzee alikubali kumwoza binti yake. Leo Ijumaa, ndoa Jumapili.

— Siendi kwa Saburi, alisema. Naenda kuangalia alama.

— Alama gani?

— Za kusimamisha magari. Pugu pana mkono wa chuma relini, ukinyooka treni inasimama, ukiinama inapita. Mteremko wa Kisarawe, wanakotengeneza barabara, msimamizi anapandisha pakacha kwenye mwanzi. Likiwa juu simama, likishuka pita. Dar es Salaam askari anapanda juu ya kasha...

Biubwa alicheka, kicheko kikavu.

— Mwanamume mzima unaendesha baiskeli mpaka Kisarawe kutazama pakacha? Tafuta uongo mwingine. Twende darajani sasa hivi, Saburi aseme mbele yangu.

Hemedi alimpakia nyuma ya baiskeli.

Daraja la Ruvu lilikuwa jembamba, gari moja tu kwa wakati. Zamani palikuwa na ubao mrefu, mlinzi akiupandisha na kuushusha. Ubao ule ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake pamewekwa kibao cha bati cha mviringo juu ya nguzo: upande mmoja chekundu, upande wa pili kijani. Mlinzi alikigeuza tu.

Saburi hakungoja kuulizwa.

— Wewe ndiye bibi harusi? Mchukue mtu wako, dada. Anasimama hapa anakikodolea macho kile kibao, na kitumbua kimoja hanunui! Nilidhani ana wazimu.

Biubwa alishikwa na aibu. Alipogeuka alimwona Hemedi akikitazama kibao, kisha barabara, kisha kibao tena.

— Hemedi, kile kibao sasa hivi kina rangi gani?

— Ngoja gari lije.

— Sijakuuliza gari. Nimekuuliza rangi.

— Sijui.

— Hujui nini?

— Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja, Biubwa. Tangu utotoni. Mkono ukinyooka nauona, pakacha likipanda naliona. Hiki ni duara tu. Nilidhani nikikitazama sana nitajifunza. Siku zote nangoja wenzangu wavuke, ndipo nafuata.

— Na wasipokuwepo?

Hemedi alikigeuzia kibao mgongo.

— Mwezi uliopita sikukuta mtu. Niliingia, na basi la abiria likaingia kutoka upande wa pili. Nikarudi kinyumenyume, gurudumu moja likagusa ukingo wa daraja. Juu ya lori, kati ya abiria, alikuwemo mama yako.

Biubwa alikaa chini palepale, mchangani. Aliikumbuka siku ile. Mama yake alirudi, akaoga, akalala bila kula, wala hakusema neno.

— Na lori linakwenda Dar lini tena?

— Leo alasiri, kwa daraja hili hili. Watu wanapakia sasa hivi.

— Baba akijua hatanioza kwako.

— Najua. Ndiyo maana nilinyamaza.

— Na mimi ninyamaze, wale watu wafe? Panda baiskeli.

Walilikuta lori nyumbani kwa kina Biubwa, limejaa watu, matenga ya kuku yameshafungwa. Hemedi alikwenda moja kwa moja kwa mzee, akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

— Shikamoo, baba. Sitaendesha tena.

Akasema yote, watu wakisikia. Mzee Mwinyimadi aliupokea ufunguo.

— Binti yangu nilimpa dereva. Hapa sioni dereva. Jumapili hakuna ndoa.

Mama yake Biubwa, Bi Mwanamvua, alitoka jikoni, mikono imejaa unga.

— Mwinyimadi, siku ile ya darajani nilikuwa mimi juu ya lori. Huyu amechelewa kusema, na hilo nitamsema mwenyewe, atanisikia. Lakini angenyamaza leo tena, kesho ungekuwa unachimba makaburi. Dereva utaajiri mwingine. Huyu alijua akisema atakosa mke, na bado amesema. Unataka nini zaidi kwake?

— Atamlisha nini mwanangu?

— Nina shamba Kurui, alijibu Hemedi. La marehemu baba. Lina mihogo na minazi.

— Biubwa, wewe wasemaje?

— Nitalima naye, baba.

Mzee aliugeuzageuza ufunguo kiganjani.

— Shukeni, alisema. Leo hakuna safari. Mwiteni shehe. Jumapili ni mbali, naweza kubadilika.

Nikaha ikasomwa alasiri ile ile barazani, abiria wakiwa mashahidi. Wale kuku wa kwenda kuuzwa Dar wakaliwa kwa pilau.

Biubwa alipotolewa nje, amejifunika khanga mpya, Hemedi alimwinamia.

— Umevaa ipi?

— Ile uliyoniletea.