Shati la Ezell

Kitambaa kile hakikuwa cha mtu yeyote kambini, na Verlene alilijua hilo kabla hajawasha jiko.

Ukuta wa chumba cha kulia ulijaa mapindo ya mashati. Ndiyo sheria ya makambi ya uwindaji kule Alabama: ukimkosa kulungu, wenzako wanakukata pindo la nyuma la shati, wanalipigilia ukutani na jina lako, na kila anayekula pale anakucheka. Hasamehewi mtu, hata mwenye ardhi. Verlene, mpishi wa kambi, aliyajua yote kwa rangi. Hili jipya lilikuwa la gunia la unga, la kizamani, lina matope mabichi na halina jina. Alipogusa msumari, ulikuwa wa moto.

"Nani alikosa jana?" akamuuliza Haskell Pruitt alipoingia kutafuta kahawa.

"Jana hakuna aliyefyatua." Akacheka. "Labda kulungu wameanza kutuwinda sisi."

Akaacha kucheka alipoitungua kofia yake mlangoni. Ilikuwa na tundu la risasi, juu kabisa, pale inapopita nywele tu.

Haskell aliurithi msitu ule wa misonobari, akaukodisha msimu mzima kwa wanaume wa Birmingham, watu wa benki na bima, waje kuwinda na kustarehe. Walitaka uwanja wa majani mabichi wa kuwavuta kulungu, na juu yake kichanja cha kuvizia. Akawapa kilima cha kando ya kijito, kilichotapakaa vikombe vilivyovunjika, sahani zenye ufa, saa iliyokufa. Takataka, alisema, akawasha trekta. Mtoto yeyote mweusi wa kata ile angemwambia kwamba hivyo ndivyo vitu vya mwisho kushikwa na marehemu, na huvunjwa makusudi juu ya kaburi, ili kifo kisirudi nyumbani kuchukua mwingine. Verlene alimwambia. Alisimama mbele ya trekta, mikono imejaa unga.

"Hapo amelala Ezell, kaka wa bibi yangu. Na unajua ni nani aliyemlaza."

Alijua sana. Ezell alilima pamba ya babu yake Haskell, akathubutu kutaka kuhama. Babu huyo na wenzake wakamfungulia mbwa, wakamfukuza kati ya misonobari ileile, wakampiga risasi ya mgongo. Wakarudi kula.

"Kwenye hati ya ardhi hakuna kaburi," Haskell alimjibu siku ile, akatia gia.

Asubuhi ya pili kambi iliamka ikinuka mbwa walioloa, na kambi haikuwa na mbwa. Kikombe cha Haskell kikapasuka mkononi mwake, kahawa ikamuunguza mapaja. Ukutani, pindo la pili la gunia.

Hapo akasahau hati. Akamtuma Verlene amlete Odessa, shangazi yake Verlene, anayetoa mizuka majumbani kwa chumvi na zaburi. Bibi yule alikanyaga kizingiti, akanusa, akafunga mkoba wake.

"Mimi natoa wageni," alisema. "Huyu yuko kwake."

"Basi anataka nini, mama?" Haskell alinong'ona.

"Leo umenijua mama. Anataka kilima chake. Ng'oa kichanja, ng'oa majani, wape akina Verlene mahali pao." Akaelekeza kidole ukutani. "Na usidhani anacheza. Anawinda kwa sheria yenu. Akikosa, anakata shati lake mwenyewe. Macho yake yametoka gizani juzi tu, lakini naona mkono unazidi kutulia."

"Nitang'oa msimu ukiisha. Nimeshawasainia mkataba."

"Haskell," Verlene alisema, na hakuwahi kumwita hivyo bila kuanza na Bwana, "leo. Nitashika shoka mwenyewe. Usinifanye nione nitakachokiona."

Haskell akatazama wageni wake barazani, waliokuwa wamesikia yote na sasa wakitaniana nani mwoga wa kupanda kichanja cha kilimani. "Watanicheka," alisema. Alikataa kwa hilo tu.

Alfajiri akapanda yeye, awaonyeshe. Verlene alikuwa anakanda mikate mbwa walipoanza kubweka, mbali kwanza, upande wa kijito, kisha karibu, kisha chini ya sakafu ya kambi yenyewe, wakikwaruza mbao kwa kucha huku harufu ya manyoya mabichi na baruti ya zamani ikipanda katikati ya nyufa, ikamjaa mdomoni, na wageni wakiwa wamekumbatia magoti vitandani wakiulizana kwa sauti ya chini kama kuna mwenye ufunguo wa gari, na yeye mikono ikiendelea kukanda kwa sababu haikujua kufanya kingine, mpaka mbwa wote wakanyamaza kwa pamoja.

Mlio mmoja wa risasi. Kutoka kilimani.

Mgeni mmoja akatokeza kichwa mlangoni, uso mweupe kuliko unga. "Dada, amekosa? Niambie amekosa."

Verlene akaukagua ukuta, msumari kwa msumari. Hapakuwa na pindo jipya.

"Chukueni mashoka," alisema. "Mkimshusha Haskell, mnakiangusha na kichanja."

Akafuta mikono. Akang'oa misumari taratibu, akayashusha mapindo mawili ya gunia, akayakung'uta matope, akaenda kutafuta sindano amrudishie Ezell shati lake. Aliyelenga akapata hadaiwi shati.