Kipimo Kilichorudiwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alikunja shuka lake taratibu, akalipeleka uani na kulikung'uta nyuma ya tangi la maji. Magamba meupe ya ngozi yalimwagika chini. Aliyafukia kwa mguu, akarudi ndani kuvaa sare: sketi, shati la mikono mirefu, na soksi alizozivuta hadi zikapita magoti. Hata jua liwake namna gani, mavazi yalikuwa hayo hayo.

"Mtoto wa fundi hakosi nguo," mama yake alisema kutoka kwenye cherehani, akijaribu kumchekesha.

Chiriku hakucheka. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya kusema sana, lakini huu ulikuwa mwaka wa pili wa ugonjwa, na maneno yalikuwa yamemwishia.

Mabaka yalianza kwenye viwiko, yakaenda magotini, kisha yakapanda kichwani. Hayakuwa mekundu. Kwenye ngozi yake nyeusi yalionekana ya zambarau, mengine ya kijivu, na yaliwasha usiku kucha. Zahanati walisema ni pumu ya ngozi, wakampa mafuta ya kupaka. Mama aliambiwa pia kwamba huenda vyakula fulani vinamdhuru, hivyo akaacha kununua maziwa na mayai. Mdogo wake Chiriku, mwenye miaka mitatu, alilia kila asubuhi akitaka maziwa. Mabaka hayakupungua hata kidogo.

Shuleni, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza alihamisha mkoba wake kwenda dawati la mbele.

"Ugonjwa huu hauambukizi," Chiriku alimwambia.

"Najua," rafiki alijibu bila kumtazama. "Lakini mama kasema."

Wiki hiyo hiyo, mama mdogo wake, msusi mwenye saluni karibu na kituo cha mabasi, alimvuta pembeni na kumpa kopo dogo lisilo na maandishi yoyote. "Paka hii. Wateja wangu wanaisifu kweli kweli. Ila usimwambie mama yako, atanila nyama."

Krimu ile ilifanya kazi haraka. Baada ya siku sita mabaka yalififia, na Chiriku akaenda shule na soksi fupi. Alipoacha kupaka, yalirudi kwa hasira, mapana kuliko mwanzo. Akapaka tena. Yakatulia, yakarudi. Ikawa hivyo kwa miezi mitano, kopo likikaa chini ya godoro.

Hatimaye zahanati iliwaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliwasha taa ndogo, akachunguza viwiko, kucha na kichwa.

"Kuna magonjwa mawili hapa yanayofanana kama mapacha," alisema. "Pumu ya ngozi, na mwingine uitwao soriasisi. Dawa zake ni tofauti. Dawa ya huu inaweza kuuchochea ule." Kisha akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, kuna kitu kingine unachopaka? Cha dukani, cha saluni, cha jirani?"

"Hakuna, daktari," mama aliwahi kujibu. "Mimi mwenyewe ndiye ninayempaka."

Daktari aliendelea kumtazama Chiriku.

"Hakuna," Chiriku alisema.

Alichomwa sindano ya ganzi, kikakatwa kipande cha ngozi kidogo kama punje ya dengu. Daktari alikitia kwenye chupa akieleza, "Hadubini inatuonyesha umbo la ngozi, lakini kwako umbo peke yake halitoshi. Maabara watapima pia jeni. Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya mwili. Ugonjwa huu huamsha jeni fulani, na ule huamsha nyingine. Tukijua zipi zimeamka, tumemjua adui."

Walisubiri wiki tatu. Siku ya majibu, daktari alisoma karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Sielewi. Jeni zote zimelala, kama za mtu asiyeumwa, na mimi mabaka nayaona kwa macho yangu. Itabidi tuanze dawa kwa kukisia. Ni dawa kali, na sipendi kukisia."

Mama alikuwa akikunja na kukunjua ukingo wa kanga yake. "Labda kosa ni langu," alisema kwa sauti ya chini. "Labda nilimpaka vibaya. Labda kuna kitu nilimlisha." Machozi yalimtoka, akayafuta haraka kama anayeona aibu.

Chiriku alitamani sakafu ipasuke. "Si wewe, mama," alisema. "Ni mimi. Ninapaka krimu. Hata siku ile ya kipimo nilikuwa nimepaka."

Mama hakumgombeza. Alisema tu, "Nilikujibia mbele ya daktari," na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi.

Daktari alikagua upya mikono yake. Ndani ya viwiko ngozi ilikuwa imekonda, na michirizi imejichora. "Krimu hiyo imezilaza jeni kabla sijazipima," alisema. "Inaficha ugonjwa, haiutibu. Na michirizi hii haitafutika. Krimu tutaiacha, chini ya uangalizi wangu, wiki nne, kisha tupime tena."

Wiki hizo zilikuwa chungu. Mabaka yalirudi yote, yakapasuka nyuma ya magoti, na Chiriku akakosa mitihani ya kupanda darasa kwa kushindwa kutembea. Mama alishona huku amesogeza cherehani karibu na kitanda. Mama mdogo alikuja, akaona, akakaa mlangoni akilia. "Nilidhani nakusaidia, mwanangu." Kesho yake alitupa makopo yote ya saluni.

Kipimo cha pili kilijibu bila utata: soriasisi. Maziwa na mayai havikuwa na hatia, na dawa ilibadilishwa. Baada ya miezi miwili, mabaka yalikuwa yamelala, ingawa Chiriku alilazimika kurudia darasa peke yake, marafiki wakiwa mbele.

Katika ziara ya mwisho ya mwaka, alimuuliza daktari, "Nitapona kabisa?"

Daktari alisogeza kiti karibu. "Hapana. Utatulia, utaishi vizuri, lakini utarudi kwangu mara nyingi. Ningeweza kukudanganya ufurahi leo. Lakini ona, ulinificha jambo moja, na mashine ya maabara, pamoja na akili zake zote, ikapotea njia. Mimi nikikuficha, utapotea wewe. Mwili hauwezi kutibiwa kwa habari za uongo, mwanangu. Mwambie ukweli anayekutibu, hata kama unakuaibisha."

Chiriku aliinamisha kichwa. Mama aliunyoosha mkono, akaushika wa Chiriku, juu ya michirizi, akaushikilia mpaka daktari alipomaliza kuandika.