Nilimwambia Aseme Kachomwa na Hongwe

Nina miaka arobaini na tatu. Naishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo mwaka jana ilikuwa na watu ndani. Sina mke ndani, sina kazi, na wa kumlaumu ni mimi mwenyewe. Wasomaji wenzangu, nimeona niyatoe haya kifuani kabla hayajanimaliza...

Mimi nilikuwa dereva wa trekta. Kijiji chetu kiko upande wa Quionga, kaskazini ya mji wa Palma, kwenye minazi na mabonde ya mpunga. Chama chetu cha wakulima, ambacho wanachama wake wengi ni kina mama wajane, kilikuwa na trekta moja kuukuu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo. Nisiwafiche, nilivimba kichwa! Nikipita, kina mama wananiita fundi, na mimi naitika. Fundi wa wapi? Nilijua kuendesha, kutia maji kwenye rejeta na kubadilisha oili. Basi.

Dereva aliyenitangulia aliondolewa kwa sababu alifungua pampu ya dizeli akaiharibu. Trekta likakaa msimu mzima chini ya turubai, kina mama wakarudi kwenye jembe la mkono. Tangu hapo mwenyekiti wetu, Bi Zaituna, mama mkali asiyerudia neno, aliweka sharti moja: dereva asiguse injini. Likiharibika aitwe fundi kutoka Palma. Atakayekiuka, arudishe ufunguo siku hiyo hiyo.

Nyumbani nilikuwa na mke wangu Atija na kaka yake Anli. Kwetu shemeji wa kiume tunamwita mlamu. Anli alikimbia vita kule Mucojo akiwa na kichwa cha cherehani begani, hana kitu kingine. Katika ndugu zake wote Atija, huyo ndiye aliyebaki. Alimpenda mpaka nikawa namtania kwamba siku nitakayomkosea Anli nitalala nje na mbuzi. Alikuwa anacheka sana.

Na huyo mlamu wangu alijua kushona, jamani! Kanzu, suruali, sare za shule, kila kitu. Siku zile bwana mmoja anayepikia wafanyakazi wa mradi wa gesi kule Afungi alikuwa amemwagiza ashone aproni chache za kuonyesha. Zikipendeza, Anli angepewa kazi ya kushona mavazi ya wapishi wote. Alikuwa ameshazikata, zimekunjwa juu ya mashine yake, zinangoja sindano tu.

Mvua zikaanza. Siku ya tatu ya kulima, trekta likaanza kukohoa. Nikashuka, nikaona ubavu wa injini umelowa dizeli. Kuna vibomba vyembamba vya chuma vinavyotoka kwenye pampu kupeleka mafuta kwenye nozeli zinazoyapuliza ndani ya injini. Kimoja kilikuwa kinavuja, lakini nilikuwa sioni wapi. Ningemwita fundi? Angeweza kuchukua siku tatu, nne. Na kina mama walikuwa wamesimama ukingoni mwa shamba na mbegu zao, wananiangalia mimi, fundi wao... Nikaona haya kusema siwezi.

Nikapaka sabuni. Nikafunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Dizeli ikapenya vile vile. Nikawaambia kina mama wakapumzike, kwamba injini imepata joto tu, tuiache ipoe. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Wakati huo Anli akafika. Atija alikuwa amemtuma aniletee chakula. Nikamwomba anisaidie kidogo tu. Mimi nikae juu niwashe injini na kuvuta mafuta, yeye apitishe kidole polepole kwenye kile kibomba, apapase palipo na unyevu. Akasita. "Mlamu, hakuna hatari?" aliniuliza.

Nikamcheka! "Gasoleo hiyo, mlamu, dizeli tu, siyo moto. Wewe sindano zinakuchoma kila siku, leo unaogopa mafuta?"

Akapitisha kidole. Nikavuta mafuta... Mara akaruka, akauvuta mkono. Alisema amesikia kama sindano. Tukatazama. Kwenye ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia, palikuwa na kitundu kidogo ambacho hata damu hakikutoa. Tukacheka wote wawili. Mlamu akafuta kidole kwenye suruali, akakaa pembeni tukala.

Sikujua, na naamini wengi wenu hamjui. Dizeli kwenye kile kibomba inasukumwa kwa nguvu ya kutisha. Ikipata ufa, inachoma ngozi kama sindano ya hospitali na kumiminika ndani ya nyama. Haioshwi kwa sabuni hiyo! Inakaa ndani inaiozesha nyama, na mtu kwa saa za mwanzo hasikii kitu cha maana.

Alasiri kidole kilikuwa cheupe kama mshumaa. Kabla ya magharibi kiganja kizima kilikuwa kimevimba, na Anli, mwanaume asiyejua kulalamika, alikuwa anauma meno. Akasema twende kituo cha afya. Tukaenda. Lakini njiani... Ee Mola wangu, njiani! Nilisimama nikamshika bega. Nikamwambia, mlamu, ukisema ni trekta, Bi Zaituna atajua nimegusa injini na leo hii hii unga wangu utamwagika. Tutakula nini sote? Sema ulikuwa unasafisha samaki, umechomwa na hongwe. Pwani hii nani hajawahi kuchomwa na mwiba wa hongwe?

"Haya, mlamu," alisema. "Ulinipokea sina hata kandambili. Siwezi kukuharibia."

Sasa, mtu yeyote wa pwani anajua dawa ya mwiba wa hongwe ni maji ya moto. Tunaambiwa tangu utotoni kwamba sumu ya samaki inakufa kwa joto. Muuguzi aliposikia hongwe akatoa vidonge, akaagiza mkono utumbukizwe kwenye maji ya moto kadiri mgonjwa anavyostahimili. Simlaumu hata kidogo. Alitibu alichoambiwa.

Na nani aliyechemsha maji hayo? Mke wangu! Atija alikaa chini na beseni, akaushika mkono wa kaka yake kwa mikono yake miwili, akakanda, akaongeza mengine, akakanda tena. Uvimbe ulipozidi, naye akazidisha moto. Anli akigugumia kwa maumivu, yeye anambembeleza, "Vumilia kaka yangu, sumu inatoka." Sumu gani? Baadaye daktari alituambia joto lile lilikuwa linauchochea ule uvimbe. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka kwao, nimenyamaza. Nilijiambia kesho atapata nafuu.

Kesho yake Bi Zaituna, kwa kuona trekta limesimama, alimpigia simu yule fundi wa Palma. Fundi akafika siku hiyo hiyo na pikipiki. Akatoa kibomba chenye ufa, akafunga kipya, akatoa upepo kwenye mafuta, injini ikanguruma. Wali usingeiva kwa muda ule! Kisha akauinua mpira wangu wa tyubu alioukuta kwenye kibomba; bahati yangu Bi Zaituna hakuwepo. Akatuonya sote tuliokuwepo kwamba bomba kama hili halipapaswi kwa mkono, unashika kipande cha boksi kwa mbali uone kinapotobolewa. Alisema ameshaona watu wamekatwa vidole kwa kitundu kisichotoa damu.

Sikungoja amalize. Nikakimbia nyumbani, mbio za mtu anayefukuzwa na nyuki. Nikafika mlangoni, nikamkuta Atija na beseni lake, mvuke unapanda. Nikafungua mdomo niseme... Unajua nilisema nini, msomaji? Nikasema, "Anaendeleaje?"

Ndiyo. Nilikuwa nimeshajua, na nikauliza anaendeleaje! Nilimwogopa mke wangu, nikamwogopa Bi Zaituna, nikaogopa kila mtu isipokuwa Mungu. Siku ile nayo ikapita hivyo hivyo.

Siku ya tatu tangu achomwe, vidole viwili vilikuwa vyeusi, na homa ilikuwa inamfanya Anli amwite mama yao aliyekwisha kufa. Hapo ndipo nilipotafuta gari tukampeleka hospitali kubwa. Daktari akauliza kilichomchoma. Anli, macho yamemtoka kwa homa, akajibu kwa sauti ndogo, "Hongwe." Hata pale! Hata pale alikuwa ananilinda mimi!

Daktari akampasua kidogo kidoleni. Baada ya muda akatoka nje, uso umebadilika, akatuuliza kama mgonjwa anafanya kazi kwenye karakana, maana mkono ule unanuka dizeli. Atija akamwambia hapana, doutor, kaka yangu ni mshonaji, amechomwa na samaki. Daktari akageuka akaitazama ovaroli yangu. Nikahisi ukuta umeniegemea. Nikasema yote.

Atija hakupiga kelele. Ningefurahi kama angenipiga. Aliitazama mikono yake, akasema, "Nilikuwa nakanda. Mimi. Na wewe umekaa pale unaniangalia." Tangu hapo hajanisemesha tena mpaka leo.

Mkono ulikatwa juu kidogo ya kifundo. Daktari alisema kama tungefika siku ile ile, tukasema kweli, pengine angepoteza kidole kimoja, pengine hata hicho kingepona. Zile aproni zilirudishwa Afungi zikiwa vipande vya vitambaa.

Nilirudi kijijini nikampelekea Bi Zaituna ufunguo, nikamweleza bila kuficha. Yule mama mkali alikaa chini akalia. Alipopata sauti aliniuliza, "Ulidhani ningechagua injini nimwache mtu?" Niliyemwogopa hakuwa yeye, ni mtu niliyemtengeneza mwenyewe kichwani mwangu.

Sasa Atija na kaka yake wanaishi Palma kwa shangazi yao. Ijumaa iliyopita nilikwenda kuwajulia hali. Mke wangu aliingia ndani, hakutoka. Anli alinipokea kwa "Karibu, mlamu," kama zamani! Shangazi akaleta sinia la wali na samaki, akaliweka mkekani kati yetu. Nikanawa, nikamngoja. Hakusogea. Mkono uliombakia ni wa kushoto, na aliona aibu kuutia kwenye sinia moja na mgeni. "Kula wewe, mlamu," alisema huku anatazama pembeni, "mimi nitakula ukishaondoka." Nikanawa tena, nikaaga ili ale.

Ndugu zangu mnaofanya kazi na injini, nawasihi. Dizeli ikikuchoma, hata kama ni kitundu kisichoonekana, kimbia hospitali saa hiyo hiyo na utaje dizeli. Na wewe unayemwomba mtu anayekupenda aseme uongo kwa ajili yako, mwache! Atakubali. Anli wangu alikubali, na mpaka leo anangoja wageni waondoke ndipo ale.