Picha ya Mgongo wa Bibi

Asubuhi kule Minjila huanza na mbuzi. Jua halijachomoza vizuri na wao washaanza kelele zao ndani ya zizi la miiba ya mathenge. Mumina, msichana wa gredi ya sita, huwasha jiko, huteleka sufuria ya chai, halafu huwashika mbuzi vichwa huku Bibi Asli akikamua. Mama yake huwa ashapanda tuktuk kwenda kuuza maziwa Garsen. Baba yuko mbali na ng'ombe, kwenye malisho ya delta, anarudi akirudi. Kwa hiyo asubuhi nyumba ni ya watu wawili tu, bibi na mjukuu, pamoja na simu moja yenye kioo kilichopasuka pembeni, ambayo mama huiacha kwa ajili ya dharura.

Jumatatu moja Bibi hakwenda kukamua. Alikaa kwenye mkeka, mkono wa kushoto ameuinua kidogo kama mtu aliyeficha yai kwapani.

"Mumina, njoo uniangalie mgongo. Kuna kitu kinaniunguza, kama nimelalia kaa la moto."

Mumina akaishusha leso taratibu. Upande wa kushoto, karibu na uti wa mgongo, palikuwa na wekundu na malengelenge madogo yaliyosongamana kama punje za mchele.

"Kuna vipele, Bibi. Vina maji."

"Si una simu hapo? Nipigie picha nione mwenyewe."

Bibi akaiweka simu mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena. Kisha akaiweka chini polepole.

"Mkanda wa jeshi," akasema. "Nilipokuwa mdogo huko malishoni, jirani yetu alipata huu. Walisema ni kama nyoka. Kichwa kinatoka mgongoni, kinazunguka kutafuta mkia. Vikikutana, mtu hana siku. Yule mama alikufa."

"Vilikutana?"

Bibi akafikiri. "Sikuona. Niliambiwa."

Akamshika Mumina mkono. "Mama yako usimwambie, ana mzigo wa kutosha. Kila asubuhi utanipigia picha. Mkanda ukibaki hapo hapo, sawa. Ukisogea, tutamwita Mzee Tadicha, yule mganga, aje na chuma chake cha moto aufungie njia."

Mumina alikijua hicho chuma. Mjomba wake Molu ana makovu ya mviringo tumboni, na siku aliyochomwa aliuma kamba mpaka ikakatika.

"Na hospitali je, Bibi?"

"Hospitali wanatibu malaria. Nyoka huyu hawamjui."

Asubuhi iliyofuata Mumina akapiga picha ya pili. Malengelenge yalikuwa yametoka kwenye uti wa mgongo yakashuka kuelekea ubavuni. Bibi alikuwa amenyoosha mkono anasubiri simu. Mumina akawaza kile chuma chekundu kikishuka juu ya ngozi ile nyembamba ya bibi yake. Kidole chake kikateleza kwenye kioo, kikarudi nyuma, kikaifungua picha ya jana.

"Umesimama, Bibi. Tazama."

Bibi akatazama, akashusha pumzi. "Alhamdulillah. Basi niletee chai, na sukari usinionee choyo."

Ilikuwa rahisi hivyo. Na kwa kuwa ilikuwa rahisi, Mumina akafanya vile vile kesho yake, na siku ya pili yake. Ndani ya simu picha za kweli zilionyesha malengelenge yakizidi kutembea kuelekea chini ya kwapa, lakini Bibi alionyeshwa ile ile ya Jumatatu. Kwa kuhisi asingeweza kujua, maana moto wake ulikuwa unamzunguka kutoka mgongoni hadi kifuani tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hakumwita Tadicha. Na kwa kuwa aliamini anapona, hakwenda popote pengine.

Lakini hakuwa anapona. Alipumua kwa vipande vipande, kama mtu anayeiba hewa. Leso ikimgusa alikunja uso. Shuleni Mumina aliitwa jina mara mbili ndiyo akasikia. Alikuwa akijiambia kwamba amemwokoa Bibi na chuma. Swali likawa linamrudia: na huu moto mwingine, nani atamwokoa nao?

Jumamosi mama alileta ubavu mzima wa mbuzi kutoka Garsen. "Uoshe vizuri, utoe ule utando wa ndani, uweke supu. Bibi yako siku hizi hali kitu," akasema, akatoka tena na madumu yake.

Mumina akakaa nje ya jikoni, akaanza kuuvua ule utando mwembamba unaong'aa upande wa ndani. Hapo ndipo akaona. Kati ya mbavu mbili kuna nyama, na si tabaka moja. Nyuzi za juu zinalala huku, za chini zinakwenda kule, zimepishana kama ukili wa mkeka. Na chini ya ukingo wa ubavu, umejibanza kwenye mfereji mdogo, kuna uzi mweupe. Akauvuta. Mgumu. Akaufuata kwa ukucha: unatokea upande wa mgongo, unajificha chini ya ubavu, unazunguka nao hadi mbele, pale kwenye mfupa wa kidari, na hapo unaisha. Akaangalia ubavu unaofuata. Nao una wake.

Akafuta mikono kwenye gauni, akachukua simu. Picha ya leo asubuhi. Akaiweka kando ya ubavu wa mbuzi.

Mteremko ulikuwa ule ule. Malengelenge ya Bibi hayakuwa yanajiendea ovyo kama nyoka. Yalikuwa yanafuata njia, na njia yenyewe ina mwisho.

Au pengine. Mumina hakuwa daktari. Na ili amwambie Bibi, ingebidi kwanza amwonyeshe picha ya kweli. Akakaa pale mpaka nzi wakaanza kuijua ile nyama. Kisha akaibeba sinia, akaingia ndani.

"Bibi, hii ndiyo picha ya leo."

"Ya leo si umenionyesha asubuhi."

"Ile ilikuwa ya Jumatatu." Akaitua sinia mkekani. "Zote zilikuwa za Jumatatu. Niliogopa chuma cha Mzee Tadicha."

Bibi akaishika simu. Akaipeleka mbali na macho, akaileta karibu. Alipozungumza hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Nitafutie namba ya Tadicha."

Mumina akaitafuta, akampa. Hakujaribu tena kuficha kitu. Ila akaisogeza na sinia mbele yake.

"Piga, Bibi. Lakini kwanza niangalizie uzi huu."

"Huo? Huo naujua tangu sijaolewa. Ukikata kwa kisu butu unakunasa."

"Unaishia wapi?"

Kidole cha Bibi kikaufuata. "Hapa kidarini."

"Na wa upande wa pili?"

"Upande wa pili una..." Kidole kikabaki juu ya mfupa. "Upande wa pili una wake." Akamtazama mjukuu wake. "Lakini mimi si mbuzi, Mumina."

"Ndiyo maana nataka tukamuulize anayejua watu. Akisema watu wako tofauti, mimi mwenyewe nitampigia Mzee Tadicha."

"Wiki nzima unanidanganya, sasa unanipangia masharti." Lakini akawa anatafuta viatu vyake.

Garsen si mbali, ila kila shimo la barabara Bibi alililipia kwa kusaga meno. Kwenye zahanati walipokelewa na Daktari Amran, dada mmoja mpole mwenye hijabu ya buluu. Akamwinua Bibi mkono, akatazama bila haraka. Mumina akaeleza habari ya ubavu wa mbuzi, akitegemea kuchekwa.

"Uliona sawa," daktari akasema. "Mbuzi ana mbavu kumi na tatu kila upande, sisi kumi na mbili, lakini mpango ni mmoja. Ule uzi ni neva. Unatoka kwenye uti wa mgongo, unapita chini ya ubavu. Ndio unaoiamuru misuli ya katikati ya mbavu ipanue kifua upumue, na ndio unaopeleka habari za ngozi hadi kwenye ubongo. Bibi, utotoni uliugua tetekuwanga?"

"Nani hakuugua."

"Basi haikuondoka. Virusi vyake vililala kwenye mzizi wa neva, hapa mgongoni, miaka yote hiyo. Umri ukienda, vinaamka, vinafuata uzi wao mpaka kwenye ngozi."

"Na upande wa pili havivuki?"

"Uzi wa kushoto unaishia kidarini, Bibi. Kwa kawaida mkanda hubaki upande mmoja. Na hata ukitokea pande zote mbili, jambo ambalo ni nadra sana, kukutana siko kunakoua mtu. Kidonda cha chuma kikioza, hicho kinaweza kuua."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, kama anayemwomba msamaha yule jirani aliyekufa zamani. Daktari akashika kalamu.

"Ulianza lini?"

Bibi akamwangalia Mumina, akamwachia swali.

"Jumatatu," Mumina akasema.

Kalamu ikasimama. "Dawa ya kuvizuia virusi hivi hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku tatu. Nitakupa tu, kwa sababu malengelenge mapya bado yanatoka, na nitaongeza ya maumivu. Usipake majivu wala chochote. Ufunike, na ukae mbali na vichanga na wajawazito mpaka yakauke. Lakini nisikufiche, Bibi. Maumivu yanaweza kubaki hata ngozi ikipona."

Na yalibaki. Malengelenge yalifika karibu na kidari, yakasimama pale pale ule uzi unapoishia, yakakauka. Lakini mvua zilikuja na Bibi bado hakuweza kumkumbatia mwana-mbuzi kwa mkono wa kushoto. Mama alipoambiwa yote aligomba, kisha akakaa kitako akalia kidogo. Kukamua kukawa kazi ya Mumina, Bibi ameshika vichwa.

Asubuhi moja, katikati ya kukamua, Bibi akasema, "Unajua, sikukasirika kwa sababu uliogopa. Kuogopa ni haki yako, na ulinihurumia. Lakini mgongoni mimi sina macho. Niliazima yako. Macho yakianza kuniambia ninachopenda kusikia, nitaanguka shimoni huku nashukuru. Mgonjwa mwambie ukweli, halafu ukae naye muogope pamoja. Hiyo ndiyo huruma."

"Nimesikia, Bibi."

"Na mimi ningekwambia tumwambie mama yako siku ile ile, tusingefika huku. Kosa hilo ni langu." Akageuka, akashusha leso. "Haya, nipigie picha. Kukoje leo?"

Mumina akapiga. Akatazama vizuri kabla ya kujibu.

"Pamekauka, Bibi. Lakini hapapendezi. Pamekuwa kama ngozi ya kenge."

Bibi akacheka, akashika ubavu kwa sababu kicheko kiliuma, akaendelea kucheka hivyo hivyo.

"Lete," akasema, amenyoosha mkono. "Nimwone huyo kenge."