Difu ya Mbele ya Gari la Kobe

Mwili ulikuwa umebanwa kati ya bampa la nyuma na mwamba. Mikono ilikuwa bado imekumbatia jiwe, kama mtu aliyekataa kutua mzigo.

"Walimwita Kobe," koplo alisema. "Kwa ajili ya mchezo wake huu. Wanapandisha magari kwenye miamba, polepole, tairi baada ya tairi. Anayefika juu bila kuserereka ndiye bingwa."

"Na huyu alikuwa bingwa?"

"Wanasema hakuwa na mpinzani."

Inspekta aliinama akachungulia ndani ya gari. Injini ilikuwa imezimwa. Gia ilikuwa ya kwanza. Handibreki ilikuwa imevutwa mpaka mwisho.

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

Koplo alionyesha kwa kidevu. Mwanamke alikuwa amekaa chini, ameegemea gari la polisi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mkewe."

Inspekta alichuchumaa mbele yake.

"Pole, mama. Nieleze taratibu."

"Nilitoa mguu kwenye breki."

"Anzia nyuma kidogo."

"Alikuwa anaendesha yeye. Tukafika hapa kwenye mwinuko, akaanza kulalamika. Akasema leo gari linajikaza kama punda. Akaniambia shika usukani, nishuke niangalie chini kuna nini. Akashuka. Akasema zima injini, acha gia, vuta handibreki, kisha uje unisaidie kusukumia jiwe nyuma ya tairi."

"Ukafanya hivyo?"

"Nikafanya. Nikatoa mguu pole pole, gari likatulia. Nikafungua mlango. Hapo ndipo nikasikia 'kwaa!' kule chini, kama mfupa. Likaondoka."

"Lenyewe?"

"Lenyewe, afande."

"Nani mwingine alimsikia akikuambia utoe mguu?"

Mwanamke aligeuza uso kule kwenye mwili.

"Yeye tu," alisema.

Kabla hawajauondoa mwili, alifika kaka wa marehemu. Pande la mtu, vidole vyeusi kwa grisi. Mjini kote walimwita Mkubwa. Gereji ilikuwa yake, na Kobe alikuwa akifanya kazi humo. Hakuusogelea mwili. Alimwendea shemeji yake.

"Umemmaliza, shemeji. Breki ni kitu cha kukanyaga tu. Hata hicho kimekushinda?"

"Nilivuta handibreki, shemeji."

"Ulivuta ulipokwisha kuua!"

Mwanamke alivaa kile kiatu cha pili, akaingia mwenyewe kwenye gari la polisi.

*

Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe upesi. Kuua bila kukusudia. Mshukiwa alikuwa amekiri kwa mdomo wake kwamba alitoa mguu. Watoto wake wawili walikuwa wameshachukuliwa na baba yao mkubwa, na nguo zao kwenye mfuko wa sukari.

"Unatafuta nini zaidi?" mkuu aliuliza.

"Sauti aliyoisikia, mkuu."

"Mwanamke mwenye hofu husikia mengi."

"Na wanaume husikia machache," Inspekta alisema, akatoka.

Mkaguzi wa magari wa polisi alikuwa amelilaza gari uani, nyuma ya kituo. Alikuwa mzee mwenye mdomo mchungu, asiyependa kuulizwa swali mara mbili.

"Difu ya nyuma, lile tumbo la gia kati ya tairi mbili, imekufa," alisema, akifuta mikono. "Ndani kuna gia mbili. Hii kubwa kama sinia ni kraunwili. Hii ndogo inayoisukuma ni pinioni. Pinioni imekatika shingoni, na meno matatu yameng'oka."

"Handibreki je?"

"Handibreki ya gari hili haishiki tairi. Inashika shafti, huu mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye difu, hapa, karibu na gia boksi. Pinioni ikikatika, unashika shafti isiyoshikana na tairi za nyuma. Ni sawa na kumshika mtu shati baada ya kulivua."

"Na tairi za mbele?"

"Kwenye mwinuko ule mbele kulikuwa kwepesi, tairi moja iko hewani. Haziwezi kuzuia kitu."

"Kwa hiyo mke wa marehemu hasemi uongo."

"Mimi nakagua magari, afande. Wake za watu kagua wewe."

*

Gereji ilikuwa na matanga ya namna yake. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya matairi, hakuna aliyegusa spana. Mkubwa peke yake alikuwa kazini, ameinamia meza ya vyuma.

"Nimekuja kujifunza," Inspekta alisema. "Kwa nini gia ikatike?"

Mkubwa alinyanyua kichwa. Alichukua pinioni mbili rafuni, akaziweka mezani, moja nene, moja nyembamba.

"Gari la miamba linatakiwa kutambaa, liwe na nguvu bila mbio. Nguvu hiyo unaipata hapa kwenye difu. Ukitaka nguvu zaidi, pinioni lazima iwe ndogo, kwa sababu tumbo la difu ni lile lile, kraunwili haina pa kukulia. Sasa ikiwa ndogo, inakuwa na nguvu?"

"Inajivunja yenyewe."

"Umeona! Hata wewe umeona, na huna hata leseni ya fundi. Mimi nilisema tuweke hii nene. Unapoteza nguvu kidogo, unapata gia ya kudumu. Nguvu iliyobaki utaipata kwenye gia boksi ndogo, ile ya kupandia milima. Lakini Kobe! Yeye alitaka nyembamba. Muulize yeyote hapa kama sikumwambia."

Sauti yake ilikuwa imepanda, na macho yalikuwa yanang'aa. Kwa muda alikuwa amesahau kwamba ana msiba. Inspekta aliliona hilo, akamwacha aongee.

"Nani alizifunga?"

"Mimi. Alitaka nyembamba, nikamfungia nyembamba. Mbele na nyuma."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Lazima zifanane, afande. Mtoto wa gereji anajua hilo." Alifuta pinioni kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. "Gari mtalitoa lini?"

"Unalihitaji?"

"Si lote. Nataka nije nifungue difu ya mbele tu. Hiyo ya nyuma kaeni nayo, si ndiyo ushahidi wenu?"

"Ya mbele ya nini?"

"Kumbukumbu ya mdogo wangu."

*

"Fungua difu ya mbele," Inspekta alimwambia mkaguzi.

"Iliyovunjika ni ya nyuma."

"Najua. Fungua ya mbele."

Mzee alilalama, akaita jeki, akalala chini. Oili ilimwagika kwenye beseni. Alipotoka alikuwa na kraunwili mikononi. Aliiweka chini kando ya ile ya nyuma, akaanza kuhesabu meno kwa kidole. Alifika mwisho, akarudia tena upya. Hakulalama tena.

"Ya nyuma ina meno arobaini na matatu," alisema. "Ya mbele thelathini na tisa. Pinioni zote zina manane, ila ya mbele ni nene."

"Maana yake?"

"Maana yake tairi likizunguka mara moja, nyuma shafti inataka kuzunguka mara tano na zaidi ya theluthi. Mbele inataka pungufu ya tano. Na shafti zote mbili zinatoka kwenye gia boksi moja, zinazungushwa sawasawa. Ni kama kufunga ng'ombe wawili jembe moja, huyu anatembea, huyu anakimbia."

"Mbona lilifika mpaka kule?"

"Barabarani linasukumwa na tairi za nyuma peke yake. Hata kwenye matope lingekwenda, tairi zinateleza, zinasameheana. Lakini kwenye mwamba mkavu hakuna kuteleza. Kila hatua inazidi kujikaza ndani kwa ndani, mpaka kitu kikatike."

"Kitakatika kipi?"

"Kilicho dhaifu. Pinioni nyembamba."

"Fundi anaweza kukosea hivi?"

"Mlevi, labda."

"Huyu hanywi hata soda," Inspekta alisema.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha lisilofunguka. Koplo alikaa na kalamu. Kraunwili mbili zilikuwa mezani, zimefunikwa gunia.

"Ulisema ulifunga pinioni nyembamba mbele na nyuma."

"Ndiyo."

Inspekta aliondoa gunia. Mkubwa hakuhitaji kuhesabu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Ya mbele ni ile ya kwako," Inspekta alisema. "Ile ya kudumu."

Mkubwa alilifuta jasho kwa kiganja.

"Ulisahau?"

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Mtoto wa gereji anajua lazima zifanane. Maneno yako hayo."

"Afande, binadamu anakosea."

"Aliyekosea bila kujua angetaka difu ya nyuma, aone imekufa kwa nini. Wewe hukuitaka. Ulitaka ya mbele, iliyo nzima. Uliogopa nini kwenye gia nzima?"

Mkubwa alitazama dirisha. Kisha alitazama mikono yake.

"Alinicheka," alisema.

"Nani?"

"Mdogo wangu. Mbele ya wateja. Nilimwonyesha pinioni nene, akaishika, akawaambia, hizi ni gia za lori la mchanga, kaka yangu amebaki huko. Wakacheka wote. Kuanzia siku ile mtu akiingia gereji ananipita mimi, anauliza, Kobe yupo? Gereji yangu! Mimi nilimlea, afande. Baba alipokufa alikuwa hajui kujifunga kamba za viatu. Spana ya kwanza kushika nilimpa mimi."

"Ukaamua kumuua."

"Hapana!" Alipiga meza, vyuma vikalia. "Nilitaka ivunjike. Siku ya mashindano, mbele ya watu wale wale. Ivunjike akiwa kwenye kiti, mguu kwenye breki, kama dereva. Avutwe kwa kamba mpaka gereji. Aingie mlangoni aseme, kaka, ulisema kweli. Basi. Maneno matatu tu. Nani alimtuma akafanye mazoezi kabla? Nani alimtuma ashuke?"

"Alishuka kutafuta kosa lako."

Mkubwa alifunga macho.

"Hakuhisi kitu ulipokuwa unafunga?"

"Hakuwepo. Aliniachia funguo. Akasema funga wewe, kaka, mafundi wengine siwaamini."

Kalamu ya koplo ilisimama. Inspekta aliingoja ianze tena.

"Na mkewe? Ulijua tangu ulipoliona gari kwamba hana kosa. Ukamwita muuaji mbele ya maiti ya mumewe. Kesho angepelekwa mahakamani. Ungemwacha afungwe?"

Mkubwa aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Watoto wasingeteseka, afande. Wako kwangu," alisema. "Ningewalea vizuri. Kama nilivyomlea baba yao."