Madumu Tisa ya Sabuni

Asubuhi naamka, nabandika chai, nafungua kabati nitafute sukari. Sukari siioni. Naona sabuni.

Nilikuwa na madumu tisa ya sabuni ya maji. Matano nilitengeneza mwenyewe, yakagoma kutoka. Manne nilinunua kwa wenzangu wa jumuiya. Utamkatalia nani? Jumamosi mmesali pamoja, Jumatatu anakugongea mlango na dumu mkononi. Unanunua huku unatabasamu. Akiondoka, unasonya.

Siku moja mume wangu Gaspar alijikwaa kwenye dumu.

"Mama Eliaichi! Hii ni nyumba au kiwanda?"

"Usinianze."

"Mie nasema ukweli. Mambo yakiwa hivi mpaka mwisho wa mwezi, kile kibanda tunakiachia."

Roho iliniuma. Kibanda kile cha kupanga cha barabarani, ninapouzia sabuni, nilikihangaikia miaka miwili.

Lakini ningeuza kwa nani? Sie wanawake saba wa jumuiya moja, hapa Segerea, tulikwenda semina moja ya kutengeneza sabuni. Dawa za sabuni tunanunua duka moja. Tunatangaza kwenye grupu moja la WhatsApp. Na wanaosoma matangazo ni nani? Sie wenyewe! Naweka picha ya sabuni yangu ya kijani. Dakika mbili hazipiti, jirani yangu Auleria anaweka ya kwake, ya kijani pia. Nikishusha bei, naye anashusha. Auleria huyu ndiye mama wa ubatizo wa mwanangu Eliaichi. Wiki ile alinipita njiani bila salamu. Kisa sabuni! Jamani!

Jumanne alikuja Lusungu, afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu. Ni binti mdogo, mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umeleta sabuni, geuza urudi nayo."

Alicheka. "Sijaleta. Biashara inaendaje?"

"Biashara gani? Wateja wamelogwa."

"Nitajie mteja wako mmoja ambaye hamsali pamoja."

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nikakasirika.

"Sasa nisiowajua nitawauziaje?"

"Sikia, mama. Watu wa karibu ni wazuri. Ukiugua wanakuja. Ukianza biashara, wanakununulia dumu la kwanza. Lakini mnajua mambo yale yale. Analojua jirani yako, na wewe unalijua. Ndiyo maana nyote mna wazo moja, na mnagombania mteja mmoja. Habari mpya inaletwa na mtu anayekaa na watu wengine. Hebu lete simu."

Tukapitia majina.

"Huyu nani?"

"Wa jumuiya."

"Na huyu?"

"Dada yake huyo wa jumuiya."

Tuliendelea hivyo mpaka nikaona aibu.

"Na huyu Tayyaba?"

"Aa, huyo! Ni Muhindi wa Upanga. Tulilazwa wodi moja nilipojifungua Eliaichi. Tunatakiana heri za sikukuu tu."

"Mpigie."

"Nimwambie nini? Anunue sabuni?"

"Usimuuzie kitu. Muulize watu wake wanasumbuliwa na nini."

Nilipiga huku nimenuna. Tayyaba alifurahi, akauliza habari za mtoto. Halafu nikamuuliza.

"Sabuni zimejaa kila duka, Felicitas," alisema. "Lakini ngoja. Kaka yangu Taqi ana gereji Vingunguti. Ovaroli za mafundi wake zinanuka oili! Wake zao wamegoma kuzifua. Wanasema haziingii beseni moja na nguo za watoto. Wewe unaweza kufua?"

"Naweza," nilisema. Vingunguti ni hapo tu! Miaka yote napita, nawaona mafundi wamejaa grisi. Kati yetu wanawake saba, hakuna aliyewahi kuwauliza neno.

Nikaenda. Taqi alinipa ovaroli sita za majaribio. Nililoweka, nikasugua kwa brashi mpaka viganja vikawaka moto. Nilipozipeleka, fundi mmoja alinionyesha madoa mgongoni.

"Mama, hapa bado."

Nilimwona mkorofi. Lakini alisema kweli. Nikarudia zote, zikatakata.

Taqi akanipa ovaroli zote za gereji. Gereji ya jirani nayo ikaleta. Madumu yangu matano yakaisha. Yakaisha na yale manne. Mie, Felicitas, nikakosa sabuni!

Nikaenda kwa Auleria.

"Dada, una sabuni?"

Alinitazama kwa jicho kali. "Umekuja kunicheka?"

"Nataka madumu matatu. Na kila wiki matatu."

Alikaa chini kwenye ngazi. Akauliza, "Mwanangu Eliaichi hajambo?"

"Hajambo. Anakuulizia."

Mwezi ukaisha, kibanda sikukiachia. Ndipo ninapopiga pasi ovaroli. Na Gaspar akifungua kabati, anaona sukari.

Jumamosi iliyopita, baada ya sala, Mama Brightson alisimama. Naye ni mmoja wa wale saba.

"Jamani, nasikia ovaroli zinalipa. Jumatatu sote tuanze kufua!"

Nikashika kichwa. Hivi hawa watu nitawafanyaje? Kabla sijafungua mdomo, Auleria, niliyemsimulia maneno ya Lusungu, alidakia.

"Kaa chini, mama. Toa simu yako. Tutajie mtu mmoja unayemjua wewe, ambaye sie hatumjui."

Mama Brightson alinuna. Akapekua simu. Akapekua weee.

"Yupo mmoja," alisema mwisho. "Anaitwa Audax. Ana hosteli ya wanafunzi. Lakini sijui hata nimwambie nini."

"Usimwambie kitu," tulisema mie na Auleria kwa pamoja. "Muulize!"